Kennedy, Mboya, Ouko: kupima kumbukumbu za wazee bila kuwavunjia heshima

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Kisumu. Klabu yetu imeanza kuwahoji wazee wa Nyalenda na Manyatta kuhusu wanavyokumbuka kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani mwaka 1963. Karibu kila mzee anaanza na Kennedy, anahamia kwa Tom Mboya, waziri wetu aliyeuawa 1969, anamalizia na Robert Ouko, waziri aliyeuawa 1990, kisha anasema "ni wale wale wakubwa". Wanafunzi nao wanaleta video za simu kuhusu risasi ya ajabu na mtu wa mwavuli. Sitaki kuwadharau wazee, wala sitaki wanafunzi wameze kila kitu. Tupimeje?

JIBU: Mwalimu, hujambo. Anza na saa, maana saa ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote na wanafunzi wanaweza kukitumia leo.

Kennedy alipigwa risasi Dallas, Texas, Ijumaa tarehe 22 Novemba 1963, saa sita na nusu mchana kwa saa za huko. Tofauti yetu nao siku hiyo ilikuwa saa 9. Kwa hiyo Kisumu ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Kifo chenyewe kilitangazwa kwa waandishi wa habari baada ya saa moja na dakika chache, yaani hapa ilikuwa karibu saa nne u nusu usiku. Mzee akikwambia alipata habari Ijumaa asubuhi akiwa paredi shuleni, hiyo haiwezekani. Jumamosi asubuhi inawezekana kabisa. Akisema aliisikia usiku kwa jirani mwenye redio, inawezekana pia, na hapo muulize redio ilikuwa ya nani, ilitumia betri gani, nani mwingine alikuwepo. Swali la redio linazaa matunda kuliko swali la "nani alimuua".

Vipo vipimo vingine vya aina hiyo. Novemba 1963 Kenya ilikuwa bado siku 20 kupata uhuru, na Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Urais aliupata 12 Desemba 1964. Redio ilikuwa ya KBC, na jina la Sauti ya Kenya lilikuja 1964. Mzee akisema "Rais Kenyatta alitutangazia kwa Sauti ya Kenya", msimkatize wala msiandike pembeni kwamba ni mwongo. Amevalisha tukio la kale majina ya baadaye, kama sote tunavyosema Mboya aliuawa Moi Avenue ilhali mwaka 1969 barabara hiyo iliitwa Government Road. Andikeni alichosema neno kwa neno, kisha kwenye daftari la pili mwandike kipi kinalingana na kalenda na kipi hakilingani.

Wanafunzi wafundishwe mapema kwamba uhakika wa msimulizi si kipimo. Asubuhi baada ya chombo cha angani Challenger kulipuka, Januari 1986, wanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko Atlanta waliandika walivyopata habari. Karibu miaka 3 baadaye 44 kati yao waliulizwa tena. Watu 11 walikosea kila jambo kuu, na waliopatia yote walikuwa 3 tu. Wengi walikuwa na uhakika mkubwa, na walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe waliendelea kushikilia kumbukumbu mpya. Hao walikuwa vijana, na ilikuwa miaka 3. Ninyi mnawauliza watu juu ya miaka 60. Kwa hiyo msishangae mkikuta makosa, na msiyafiche.

Mfano wa karibu na kwenu ni wa Alego. Wengi husema baba yake Barack Obama alipelekwa Marekani na pesa za Kennedy. Obama mwenyewe alisema hivyo huko Selma, Machi 2007, na baadaye kampeni yake ikakiri kwamba haikuwa sahihi. Ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyopangwa na Mboya ilibeba wanafunzi 81 mwaka 1959. Baba yake Obama alikwenda Hawaii mwaka huo huo lakini kwa njia nyingine, na mchango wa familia ya Kennedy, dola 100,000, ulikuja 1960 baada ya Mboya kwenda kumwona Kennedy. Hadithi iliyounganisha vitu hivi vitatu ina ukweli ndani yake: Kennedy na Mboya walifahamiana kweli, na ndege zilikuwepo kweli. Ndiyo sababu kwenye simulizi za wazee wenu vifo vya watu hawa wawili vinakaa pamoja. Muungano huo una msingi, ingawa hausemi lolote kuhusu aliyewaua.

Sasa tuje kwenye video za simu.

"Risasi ya ajabu" ni ile risasi moja ambayo Tume ya Warren, iliyoundwa na serikali ya Marekani kuchunguza mauaji hayo, katika ripoti yake ya kurasa 888 ya Septemba 1964, ilisema ilipita mgongoni na shingoni mwa Kennedy kisha ikamjeruhi John Connally, gavana wa Texas aliyekaa mbele yake garini, kifuani, kwenye kifundo cha mkono na pajani. Video huchora watu wawili wamekaa sambamba, mmoja nyuma ya mwingine, halafu risasi inakata kona hewani. Mchoro huo una kosa moja: kiti. Connally alikaa kwenye kiti cha kukunja kilichokuwa chini zaidi ya kiti cha Kennedy kwa kama sentimita 8, na ndani zaidi kuelekea katikati ya gari kwa kama sentimita 15. Tena alikuwa amegeuka kulia. Ukiwaweka mahali pao halisi, mstari unanyooka. Fanyeni jaribio hili darasani kwa viti viwili, kimoja kifupi, na uzi. Dakika 10 zinatosha, na mwanafunzi aliyeshika uzi hatasahau.

Palipo na udhaifu wa kweli ni kwingine. Risasi hiyo ilipatikana kwenye machela ya hospitali ya Parkland, si mwilini mwa mtu, ikapita mikono kadhaa, na walioiona kwanza hawakuweza baadaye kuitambua kwa uhakika. Wanafunzi waone tofauti: hoja ya kona hewani ni mbovu, hoja ya mikono iliyopokezana ni halali.

Hesabu ya sekunde nayo huwapoteza wengi. Bunduki ya Lee Harvey Oswald, mshukiwa wa mauaji hayo, Mannlicher-Carcano ya milimita 6.5 iliyonunuliwa kwa posta kwa dola 21.45 pamoja na darubini yake, ilihitaji angalau sekunde 2.3 kati ya risasi moja na nyingine. Watu huzidisha mara tatu, wakapata karibu sekunde 7, kisha wakasema muda haukutosha. Lakini risasi tatu zina nafasi mbili tu katikati, maana risasi ya kwanza inaanza kwenye sifuri. Mbili mara 2.3 ni 4.6. Halafu kuna filamu ya Abraham Zapruder, mtazamaji aliyerekodi mauaji hayo kwa kamera yake, yenye picha 486 zilizopigwa kwa mwendo wa 18.3 kwa sekunde. Risasi ya kichwani inaonekana kwenye picha ya 313. Kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza upya kuanzia 1976 iliiweka risasi ya kwanza karibu na picha ya 160. Toa 160 kwenye 313, gawanya kwa 18.3, utapata zaidi ya sekunde 8. Waacheni wanafunzi waipige hesabu wenyewe ubaoni.

(Jambo dogo linalochanganya: Wamarekani husema Oswald alikuwa "ghorofa ya 6". Wao huhesabu ya chini kabisa kuwa ya kwanza. Kwa hesabu yetu ni ghorofa ya 5.)

Kichwa kurudi nyuma kwenye filamu ndiko kunakowashtua watazamaji zaidi, na nawaelewa. Filamu hiyo haikuonyeshwa kwenye televisheni ya taifa huko Marekani hadi Machi 1975, na umma ulipoiona uliona kichwa kikirudi nyuma na kushoto. Ukiitazama picha moja moja, kati ya 312 na 313 kichwa kinakwenda mbele kidogo kwanza, ndipo kinarudi. Jopo la madaktari 9 wa uchunguzi wa maiti lililoitwa na kamati ile liligawanyika 8 kwa 1: wanane walisema Kennedy alipigwa na risasi mbili, zote kutoka nyuma. Aliyepinga atajwe pia. Msimfiche kwa sababu alikuwa peke yake.

Mtu wa mwavuli ni somo zuri la dai linalopimika. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka, na mtu mmoja kando ya barabara alifungua mwavuli mweusi wakati msafara unapita. Kwa miaka 15 watu walisema alikuwa anatoa ishara, wengine wakasema mwavuli ulikuwa silaha. Mwaka 1978 mwenyewe alijitokeza mbele ya kamati ya Bunge na kueleza kwamba alikuwa anamzomea Kennedy: mwavuli ulikuwa alama ya waziri mkuu wa Uingereza aliyelegeza msimamo mbele ya Hitler, Neville Chamberlain, ambaye baba yake Kennedy alimuunga mkono alipokuwa balozi London. Maelezo ya ajabu, lakini ndivyo maisha yalivyo. Ukikuza picha yoyote ya umati mkubwa, hata ya soko la Kibuye siku ya Jumapili, utamkuta mtu anafanya jambo usilolielewa.

Hata hivyo, mwalimu, ukiishia hapo utakuwa umewadanganya wanafunzi. Watawaona wazee wao kama watu walioamini upuuzi. Shaka ya umma kuhusu Dallas ilipandwa na serikali yenyewe, na mbegu zinajulikana.

Oswald, mshukiwa, aliuawa akiwa mikononi mwa polisi siku mbili baada ya rais, tarehe 24 Novemba, ndani ya makao ya polisi Dallas, televisheni ikionyesha moja kwa moja. Kesi haikusikizwa. Mwili wa Kennedy uliondolewa Texas kwa ubishi mkali, ingawa sheria wakati huo iliupa Texas mamlaka. Kumuua rais hakukuwa kosa la serikali ya shirikisho hadi 1965. Daktari aliyeongoza uchunguzi wa maiti alichoma maandishi yake ya kwanza. Ofisi ya FBI ya Dallas ilikuwa imepokea barua ya Oswald wiki chache kabla ya mauaji, na baada ya yeye kufa afisa aliyeipokea aliiharibu kwa amri ya mkubwa wake. Umma ulijua 1975. Mwaka huo huo ndipo ilipodhihirika hadharani kwamba CIA ilikuwa imepanga na majambazi wa mafia kumuua Fidel Castro, na Tume ya Warren haikuambiwa, ingawa mmoja wa wajumbe wake 7, Allen Dulles, alikuwa mkuu wa zamani wa CIA.

Angalieni kura za maoni za Gallup mkiwa na orodha hiyo mkononi. Mwishoni mwa 1963 asilimia 52 ya Wamarekani waliamini Oswald hakuwa peke yake. Mwaka 1976, baada ya filamu kuonekana na siri za CIA kutoka, walikuwa 81. Mwaka 2023 walikuwa 65. Uwongo wa 1963 na 1964 ulifichuka, na watu wakaacha kuamini hata yale yaliyokuwa kweli.

Hapo ndipo palipo na kiini cha jibu langu. Pengo kwenye kumbukumbu rasmi linakupa haki ya kushuku. Halikuambii ni nani aliye ndani ya pengo. Barua iliyoharibiwa na FBI inathibitisha kwamba FBI ilificha uzembe wake. Haithibitishi kwamba FBI iliua. Wafundishe wanafunzi kuandika sentensi hizo mbili mbalimbali.

Na wajue kwamba njama za kweli zipo. Lincoln aliuawa 1865 na kundi: usiku ule ule mwenzao mmoja alimvamia waziri Seward kitandani, na watu 4 walinyongwa Julai mwaka huo. Rais Thomas Sankara wa Burkina Faso aliuawa 1987, na Aprili 2022 mahakama ya huko ikamhukumu Blaise Compaoré, aliyemrithi, kifungo cha maisha bila yeye kuwepo. Njama ya kweli huacha majina, safari, fedha na mashahidi wanaoweza kuhojiwa. Hata kamati ya Bunge la Marekani ilisema mwaka 1979 kwamba "pengine" kulikuwa na njama dhidi ya Kennedy. Ilitegemea mkanda wa redio ya pikipiki ya polisi uliodhaniwa kunasa risasi ya nne. Kisha mpiga ngoma mmoja wa Ohio, aliyekuwa akisikiliza nakala iliyotolewa na jarida, akasikia kwa mbali maneno ya mkuu wa polisi wa kaunti yaliyosemwa baada ya mauaji. Mwaka 1982 jopo la wanasayansi lilithibitisha kwamba sauti zile zilinaswa takriban dakika moja baada ya risasi kulia. Hoja kubwa iliangushwa na sikio la mtu mmoja mwenye subira.

Sasa nyumbani. Mboya aliuawa Jumamosi 5 Julai 1969 nje ya duka la dawa Nairobi. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa Septemba na kunyongwa Novemba, na swali la aliyemtuma likazikwa naye. Kati ya hukumu na kitanzi, Jumamosi 25 Oktoba, Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali ambayo mji mzima bado unaiita Russia. Kukatokea vurugu, walinzi wakafyatulia umati risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Wakazi hutaja idadi kubwa zaidi. Mzee wa miaka 70 leo alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wako siku hiyo. Kutoka kifo cha Mboya hadi hospitali ni wiki 16 kamili, na katika simulizi nyingi wiki hizo hujikunja zikawa tukio moja. Ukikuta mzee anasema Mboya alizikwa na watu wakapigwa risasi hospitalini, kalenda inasema hapana, lakini amekupa ushahidi wa jambo lingine: jinsi Kisumu ilivyoyaishi mambo hayo mawili kama jeraha moja. Msifute sentensi hiyo. Ndiyo iliyo bora kwenye rekodi yenu.

Kwa Ouko pengo ni kubwa zaidi. Alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia 13 Februari 1990, na polisi wakatangaza kuupata mwili wake tarehe 16 chini ya kilima cha Got Alila, umechomwa na una jeraha la risasi kichwani. Maneno ya kwanza kutoka kwa serikali yalielekea kwenye kujiua. Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard alikataa hilo. Tume ya Jaji Gicheru iliundwa Oktoba 1990 na ikavunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla ya kumaliza. Mkuu wa wilaya ya Nakuru wa wakati huo alishtakiwa, kesi ikaanza upya baada ya jaji kufariki, na mwaka 1994 akaachiliwa. Hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani. Hapa wazee wanaposema "wakubwa", wana sababu nzito kuliko mtazamaji wa video ya Dallas, kwa kuwa waliona tume ikizimwa mchana. Lakini wanafunzi wasiandike jina la mtu yeyote kuwa ndiye muuaji, hasa aliyeachiliwa na mahakama. Jina likitajwa kwenye mahojiano, libaki kwenye rekodi iliyofungwa, na kwenye maonyesho ya shule litolewe. Familia za watu hao wanaishi nasi hapa, na ya Ouko pia.

Kuhusu mahojiano yenyewe. Wasiende zaidi ya watatu: wa kuuliza, wa kurekodi, wa kuandika. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni ili isilie, ilazwe juu ya kitambaa mbali kama sentimita 30 na mdomo wa mzee, si mezani moja kwa moja maana kila kikombe kitasikika kama ngurumo. Kama programu ya kurekodi inaruhusu, chagueni WAV badala ya faili iliyobanwa. Kwanza sauti ya mwanafunzi itaje tarehe, mtaa na waliopo, kisha mzee mwenyewe aseme kwamba amekubali na aeleze rekodi itumiwe wapi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa hiyo, na adabu inaitaka zaidi. Azungumze Kijaluo, Kiluhya au lugha yoyote aliyoota nayo siku zile. Tafsiri itafuata.

Maswali yaanze na mwili na mahali: ulikuwa wapi, ulikuwa umevaa nini, nani alikuambia, alisema maneno gani, ulifanya nini baada ya hapo. Kisha muulize: hili uliliona, uliambiwa, au ulilisoma baadaye? Swali hilo moja lirudiwe kila anapotaja jambo zito. "Unadhani nani alihusika" liwe la mwisho kabisa, na lifuatwe na "ulianza kudhani hivyo lini?" Mara nyingi jibu litakuwa mwaka wa 1975, 1990 au 2003, na hapo mtaona nadharia inazaliwa mbele ya macho yenu. Ukigeuza mpangilio na kuanza na nani aliua, kila kumbukumbu itakayofuata itapindwa ili iunge mkono jibu hilo. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye kazi za shule, na likishatokea halirekebishiki.

Rudini kwa mzee yule yule baada ya wiki 6, mwulize tena bila kumsomea ya kwanza. Yaliyobaki vilevile na yaliyohama yawekeni kwenye safu mbili. Magazeti ya zamani mtayapata Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa, iliyo Moi Avenue karibu na sanamu ya Mboya. Ombeni ya wiki nzima badala ya siku moja, kwa sababu habari ya kwanza mara nyingi ilisahihishwa siku ya tatu. Nyaraka za Marekani kuhusu Kennedy, zaidi ya kurasa milioni 5, nyingi ziko wazi, na fungu kubwa lililokuwa limebanwa lilitolewa Machi 2025.

Mzee akilia, zimeni simu, mwanafunzi abaki amekaa. Wengine mnaowauliza kuhusu Dallas walipoteza ndugu nje ya hospitali ile, na Kennedy huenda ndiye mlango pekee wanaoweza kupitia kufika hapo. Mpeni chai, msiharakishe kuaga, na mwulize kama angependa mrudi.